Ya Kwenda na ya Kurudi: Maisha ya Marehemu Elkana Oketch Abura, 1946–1997

Mchungaji, wazee, kina mama, majirani wa Pap Onditi, na nyinyi mliopita kwenye maji na matope kutoka Kisumu, poleni sana kwa safari. Mimi ni Benta Adhiambo, dada anayemfuata marehemu. Wengi mnanijua kwa samaki ninaouza Luanda Kotieno, na wengine mnanijua kwa mdomo wangu. Familia ilipokaa kuamua nani asome maisha ya ndugu yetu, Oduor, kitindamimba wetu, alisema nisome mimi, ila nisigombane na marehemu mbele ya watu. Nimemwahidi nitajitahidi.

Elkana Oketch alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa hapa Pap Onditi, Nyakach, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nehemia Abura na Mama Dorca Akumu, ambaye mnamwona ameketi pale mbele. Alikuwa mtoto mkimya. Wakati wa kulima, baba alishika plau na Oketch alitangulia mbele kuwaongoza ng'ombe. Watoto wengine hutembea wakitazama waendako. Yeye alitembea kinyumenyume kwa sababu alitaka kuziona nyuso za ng'ombe, na mara nyingi alianguka kwenye udongo uliokuwa haujalimwa bado. Baba alimkaripia, akacheka, akamwinua, na mtaro uliofuata akaanguka tena.

Alisoma shule ya misheni ya karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, kisha akaenda sekondari kwa miaka miwili. Karo ilipokwisha hakulalamika. Mwaka 1965 alichukuliwa kama mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa mjini Kisumu, akawa fundi wa kupanga herufi. Vijana mliozaliwa juzi hamkuziona herufi za risasi, yale madini, si ya bunduki. Kila herufi ilikuwa kijiti cha madini hayo kilichochongwa kinyume, ili ikikandamizwa kwenye karatasi itoke sawasawa. Fundi alizipanga moja moja kwa mkono na kuzisoma zikiwa zimegeuka, kama mtu asomaye gazeti kwenye kioo. Oketch aliifanya kazi hiyo miaka mingi hata akazoea kuona dunia yote imegeuka. Ukimpa barua aliisoma kwanza kutoka mwisho. Vitabu vingi vya nyimbo mlivyoshika kanisani vilipitia vidole vyake.

Mwaka 1979 kiwanda kilimpeleka Mainz, Ujerumani Magharibi, kujifunza uchapaji wa kisasa. Huko alikutana na mzee mmoja aliyeitwa Profesa Lindner, na hapo ndipo safari ya kaka yetu ilipokata kona. Profesa huyo alikuwa akinakili maandishi ya Waluwi. Msianze kuniuliza, si Waluo. Ni watu waliokaa katika nchi ambayo leo inaitwa Uturuki, na mpaka Syria ya kaskazini, karibu miaka elfu tatu iliyopita. Waliandika kwa picha zilizochongwa kwenye mawe: mguu, mkono, kichwa cha punda, nyumba, mlima. Mawe yao mengi huanza na mtu aliyejielekezea kidole usoni, na maana yake ni "Mimi". Ni mfalme au bwana fulani anajitaja: mimi ni fulani, nilijenga mji, nilipanda mizabibu. Profesa alitaka picha hizo zipangike na kuchapwa kama herufi zetu za a, be, che. Alihitaji mtu mwenye jicho la herufi na subira ya ng'ombe. Akampata kutoka Nyakach.

Kilichomshika Oketch, alivyonieleza mwenyewe, ni namna wale watu walivyoandika mistari yao. Mstari wa kwanza unakwenda upande mmoja, wa pili unarudi upande mwingine, wa tatu unakwenda tena, kama plau shambani. Na kila mtu na kila mnyama kwenye mstari huutazama mwanzo wa mstari wake. Kwa hiyo unaposoma, unakutana nao uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Aliporudi nyumbani mwaka 1981 alinieleza jambo hilo kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata siku aliyonunua baiskeli. Mimi nilikuwa napaa samaki. Nilimwambia, "Owadwa, ndugu yangu, hao watu wamekufa. Utatafuta lini mke?"

Alipanga chumba katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, akaanza kazi aliyoachiwa na profesa. Kila picha aliichora upya kwenye karatasi ya grafu. Mraba mmoja aliutia wino, mwingine akauacha mweupe, mpaka miraba ikatoa umbo la punda au la mguu. Baadaye kila mraba wa wino ungekuwa nukta moja ndani ya kompyuta, na kila picha ingepewa namba yake. Shabaha ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikaijua kwa moyo: mtu akiandika namba ile popote duniani, itokee picha ile ile, ili mtu wa mbali aisome bila kukosea. Profesa alimtumia nakala za mawe kwa posta, naye alituma michoro. Hicho ndicho alichokitaka maishani, na nyinyi majirani mnajua kwamba hakuwa mtu wa kutaka vitu vingi.

Nyalenda walimwelewa kwa namna yao. Karatasi zile zilipobandikwa ukutani, ilisemekana kuna mganga mpya. Mama mmoja alikuja kuomba achorewe dawa ya kumrudisha mumewe kutoka Mombasa. Oketch alimpa chai, akamsikiliza mpaka akamaliza kulia, akamwambia hana dawa. Yule mama alikwenda akatangaza kwamba dawa ni chai. Kisha akaja mkubwa mmoja wa serikali ya mtaa na askari wake, maana miaka ile maandishi yasiyosomeka yalitia watu hofu.

"Hii ni lugha ya nani?" akauliza.

"Ya watu walikufa zamani sana, Mzee."

"Wote?"

"Wote."

"Basi hakuna mtu atakuja kulalamika kwangu," akasema yule mkubwa, akaondoka na kalamu moja ya Oketch.

Karatasi za grafu zilipatikana katika duka la vitabu na daftari la Mzee Ndung'u, aliyehamia Kisumu kutoka Ol Kalou. Aliyesimama kaunta alikuwa binti yake, Bilha Wamaitha. Oketch alinunua karatasi nyingi hata Wamaitha akashindwa kuvumilia. "Bwana, unafundisha shule gani hii ya hesabu peke yake?" Ndugu yetu, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya msichana, alimweleza habari za Waluwi mpaka foleni ikafika mlangoni. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983. Kulikuwa na maneno pande zote mbili, kwetu na kwao, na kila mtu hapa anayajua, nami sitayarudia juu ya jeneza. Nitasema tu kwamba Wamaitha alijifunza kupika kuon, ugali wetu, vizuri kuliko mimi, na kwamba chumba kile cha Nyalenda kikaanza kutoa sauti za watu wanaocheka.

Yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia kuhakiki. Alitaja namba, Oketch akataja picha. Wamaitha hakupenda majina ya kizungu ya picha hizo, kwa hiyo alizibatiza zote. Kichwa cha punda alikiita Mteja wa Deni. Mlima alisema ni Nyandarua. Yule mtu anayejielekezea kidole alimwita Oketch.

Mwaka 1986 kiwanda kilipata kompyuta, na baada ya kuingiza michoro kwa muda mrefu, siku moja ya mwaka 1987 Oketch alichapa karatasi ya kwanza ya picha zake zote. Aliileta Nyalenda mbio. Wamaitha aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee, mbona hii watu yako yote inatupea mgongo?"

Ilikuwa kweli. Mkono wa fundi wa risasi ulikuwa umemsaliti. Miaka yote ile alichora kila picha ikiwa kinyume, kama ambavyo angeichonga kwenye risasi, akingoja karatasi iigeuze. Kompyuta haigeuzi. Inatoa kile ulichoipa. Kwenye mstari wake, kila mtu na kila mnyama alikuwa anatazama mwisho, anaondoka, anamwacha msomaji nyuma. Wakoli, fundi mwenzake ambaye amekuja leo kutoka kiwandani, anasema kosa lile asingeweza kulifanya mtu mwingine yeyote ila mpanga herufi mzuri sana. Oketch aliketi kitandani, akashindwa kula.

Wamaitha ndiye aliyemwinua. "Si ulisema ng'ombe ikifika mwisho ya shamba inarudi? Basi hizi ni za kurudi. Usitupe. Sasa tengeneza za kwenda."

Tangu siku hiyo seti zikawa mbili, ya kurudi, ambayo ilikuwa tayari, na ya kwenda, ambayo ilibidi aianze mwanzo kabisa. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likingoja. Oketch alikuwa bado hajajenga hapa nyumbani. Baba alikwisha kumwonyesha mahali, mama alikwisha kukumbusha, nami nilikwisha kupiga kelele. Kila mara alijibu, "Nyaminwa, dada yangu, nikimaliza hii nitajenga." Wamaitha alitaka nyumba yenye jiko upande wa nyuma na dirisha linaloangalia asubuhi. Alikuwa ameichora kwenye karatasi ya grafu, kwa kalamu ya mumewe.

Tarehe 23 Agosti 1989, Bilha Wamaitha alifariki mjini Kisumu kwa malaria iliyopanda kichwani. Aliugua siku chache tu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Wageni wetu, kwetu mke hulazwa mbele ya nyumba aliyoishi kama mke wa boma. Kama nyumba haipo, wazee husimamisha kibanda haraka ili mila itimie. Wazee wetu walikuwa na miti tayari. Mzee Ndung'u alifika hapa, akasimama pale penye katani, akatazama miti ile. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

"Msichana yangu siwezi kumuacha kwa mlango ya nyumba hajawahi kuchemsha chai ndani."

Wazee walimgeukia Oketch ili ajibu kama mume. Wamaitha alipelekwa Ol Kalou, akazikwa kwa baba yake. Ndugu yetu alikwenda kwenye mazishi, akasimama nyuma kabisa kama mgeni, akarudi Nyalenda peke yake. Nilimfuata huko nikamkuta ameketi kitandani. Ukutani, wale watu wote walikuwa wanatazama upande mwingine.

Sitawadanganya kwamba alipona. Mwaka 1990 alianza kujenga nyumba hii mnayoiona, na mwaka 1991 aliimaliza, jiko likiwa nyuma na dirisha likiangalia asubuhi, akifuata ule mchoro wa grafu mraba kwa mraba. Mafundi walimwambia jiko ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Akasema waendelee. Kila mwisho wa mwezi alikuja, akafagia, akawasha moto, akachemsha chai, akafunga mlango, akarudi Kisumu. Wazee walimshauri aoe tena, na mimi nilimletea majina ya wanawake wazuri. Aliwasifu wote, hakumfuata hata mmoja. Nilimkasirikia sana, na bado nimekasirika, Oduor utanisamehe.

Mwaka 1993 ilikuja habari kwamba Profesa Lindner amefariki. Baada ya hapo posta haikuleta tena nakala za mawe. Oketch aliendelea na seti ya kwenda kwa kuangalia zile za zamani, na hakukuwa na mtu upande wa pili wa barua. Wakati huo sukari ilikwisha kumwingia mwilini na kuanza kula macho yake. Mtu wa kuchora kwa miraba midogo namna ile, macho yakififia, sijui nimfananishe na nani. Mwenyewe alikuwa akishindana na giza. Alitaka punda wa mwisho ageuke kabla hajashindwa kumwona.

Ndipo nikaanza kupita Nyalenda Jumamosi nikitoka sokoni. Nilimsomea namba, nikamweleza ninachoona. Sikuwa na elimu ya Waluwi, nilieleza kwa maneno ya samaki. "Huyu ana mkia kama wa mumi. Huyu amekauka kama omena ya juzi." Alicheka kidogo, akarekebisha mraba mmoja. Siku nyingine nilisahau, nikasema, "Huyu ndiye yule wa kidole." Akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. Nikajua alisubiri nimwite Oketch kama alivyofanya Wamaitha, na mimi sikuthubutu kulitumia jina hilo.

Mwaka 1995 alimaliza. Alituma nakala za disketi zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa wataalamu wa ng'ambo wanaopanga namba moja kwa kila herufi ya dunia, ili kompyuta zote zielewane. Mwaka uliofuata walijibu kwa adabu. Walishukuru, wakasema foleni ni ndefu, wakauliza swali moja: maandishi haya yana watumiaji wangapi?

Macho yalikuwa yamekwisha kumwacha, kwa hiyo niliandika mimi, yeye akinitajia.

"Andika: mmoja."

Nikaandika.

"Ongeza: zamani tulikuwa watatu."

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia, "Na mimi? Jumamosi zote hizi nimekuwa nikisoma nini, magazeti?"

Akatafuta mkono wangu mezani mpaka akaupata. "Wewe si mtumiaji. Wewe ni nyaminwa."

Barua ile ilikwenda hivyo. Mpaka leo jibu halijaja. Sijui kama picha zake zitapewa namba, wala kama kuna mtu huko atakayekumbuka zilitoka Kisumu. Yeye aliuliza habari za posta hadi wiki ya mwisho.

Mwezi Septemba mwaka huu figo zilianza kushindwa, akalazwa mjini Kisumu. Madaktari na wauguzi walimhudumia vizuri, na familia inawashukuru. Mvua hii isiyokoma ilipokata barabara, nilikaa huko huko kando ya kitanda. Jioni moja aliniuliza kama nyumba ya Pap Onditi inavuja. Nikamwambia haivuji. Akasema, "Sawa. Basi nipelekeni." Alifariki Ijumaa, tarehe 21 Novemba 1997, asubuhi, nikiwa nimeenda kumtafutia uji. Alikuwa peke yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote niliyosoma hapa.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi za ibada mlizogawiwa, kwa sababu yametokea jana. Jana ndugu yetu alilala ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama inavyotakiwa, na hakuna aliyehitaji kusimamisha kibanda. Jioni aliingia Mzee Ndung'u kutoka Ol Kalou, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alimsalimu mama, akaketi kando ya jeneza kwa muda. Kisha akainuka, akapita hadi jikoni, akatazama lile jiko kubwa na lile dirisha. Akaniita.

"Mama Benta, hapa kuna majani?"

Nikamwambia yapo.

"Basi chemsha. Tukunywe hapa kwake."

Aliposema "kwake" hakuwa anamsema Oketch. Tulikunywa chai, mzee yule na mimi na mama, tukiwa tumesimama jikoni kwa Wamaitha.

Marehemu amemwacha mama yake mzazi, Dorca Akumu. Mdogo wake Oduor na familia yake. Mimi dada yake Benta na watoto wangu, ambao aliwapenda na kuwachosha kwa habari za mawe. Mkwe wake Mzee Ndung'u. Na wenzake wote wa kiwandani wakiongozwa na Wakoli. Ametanguliwa na baba yetu Nehemia Abura na mkewe mpenzi Bilha Wamaitha. Hakuacha mtoto. Ameacha disketi mbili, na Wakoli ameahidi kuzitunza mahali pasipoingia maji.

Neno la mwisho ni juu ya jalada la karatasi mlizoshika. Mmeona watu wawili wadogo, kila mmoja amejielekezea kidole, wakitazamana. Wakoli alipokuwa akilichapa alinipigia simu. "Dada Benta, hii iko na makosa. Kwa mstari moja wote huangalia upande moja. Oketch mwenyewe ndiye alinifundisha. Hawa wawili hawawezi kukutana."

Nilimwambia najua. Mmoja nimemtoa kwenye seti ya kwenda, ambayo Oketch aliimaliza akiwa peke yake. Mwingine nimemtoa kwenye ile ya kurudi, ambayo Wamaitha alikataa itupwe. Mmoja analala hapa leo na mwingine yuko Ol Kalou. Nikamwambia, "Wakoli, wachape hivyo hivyo."

Oketch, owadwa, kazi imekwisha, weka kalamu. Mungu akupe amani na mapumziko, na atakayekupokea huko asikupe mgongo.